Mfupa Ukishakatwa

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Cambridge, Francis Rex Parrington, alikusanya mifupa ya kale katika bonde la Ruhuhu, kusini-magharibi mwa Tanganyika, si mbali na Ziwa Nyasa. Miongoni mwake ulikuwemo mfupa mmoja wa mkono wa juu, usio kamili, pamoja na pingili za uti wa mgongo. Mzigo ukaenda Uingereza. Miaka ya 1950 Alan Charig aliichunguza mifupa hiyo kwa ajili ya tasnifu yake, na baadaye akampa mnyama jina la Nyasasaurus, ila jina hilo halikuchapishwa rasmi. Lilikuja kuchapishwa mwaka 2013, Charig akiwa ameshafariki, katika makala ya Sterling Nesbitt na wenzake. Hoja zao kubwa zilikuwa mbili. Moja ilionekana kwa macho: ukingo wa mfupa ambao misuli ya bega hujishikiza ni mrefu, kama wa dinosaria. Nyingine isingeonekana bila kuukata mfupa: ndani yake tishu imefumwa harakaharaka, nyuzi zikielekea huku na huku, dalili ya mnyama aliyekua upesi. Wakahitimisha kwamba kiumbe huyo, aliyeishi takriban miaka milioni 243 iliyopita, ama ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni ndugu wa karibu mno wa dinosaria.

Mfupa huo mmoja unaliweka swali lote mezani. Kisukuku kikishakatwa hakiungiki tena kikawa kama kilivyokuwa, na mara nyingi hakuna cha pili chake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu ukuaji wa wanyama wa kale, umbile la mimea ya kwanza ya nchi kavu na vichwa vya samaki wa zamani sana imetoka kwenye mkato. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kukata ni halali, na pengine ni wajibu, lakini uhalali huo unatokana na swali linaloulizwa na hatima ya kila kipande kinachobaki. Mkono mzuri wa fundi peke yake hautoshi. Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada: mifupa yetu mingi imekatwa mbali na hapa, na ujuzi umebaki kulekule ilikokatwa.

Tukitazame kwanza chombo chenyewe, maana wanaobishana kuhusu kukata visukuku wengi hawajawahi kusimama mbele ya mashine. Msumeno wa mawe hauna meno kama ya msumeno wa mbao. Ni diski nyembamba ya chuma ambayo ukingo wake umepachikwa chembe za almasi, zikashikizwa kwa utepe wa shaba au metali nyingine laini. Diski inapozunguka, almasi hulisaga jiwe chembe kwa chembe na kuacha mfereji. Utepe nao hulika, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ukilika almasi mpya hujitokeza. Jiwe likiwa gumu na lenye chembe laini sana, utepe hauliki ipasavyo. Almasi zilizochakaa hubaki juu, diski inateleza bila kukata. Hapo fundi huikatisha tofali laini mara kadhaa mpaka makali yarudi. Anayeshindwa kulitambua hilo huanza kusukuma jiwe kwa nguvu, na kisukuku kingi kimevunjika kwa namna hiyo.

Ugumu wa jiwe ndio unaoamua kila kitu. Katika kipimo cha Mohs almasi ina 10, kwatzi 7, apatiti ambayo ndiyo madini ya mfupa ina 5, na kalisaiti ya chokaa ina 3. Kisukuku kimoja chaweza kuwa na madini yote hayo kwa pamoja: mfupa wa apatiti, matundu ya uboho yaliyojaa kalisaiti, na ukoko wa kwatzi kwa nje. Diski ikitoka penye ulaini ikaingia penye ugumu huyumba kidogo, na kuyumba huko kunatosha kuufungua ufa uliolala humo tangu enzi. Ndiyo sababu jiwe hufungwa barabara kwenye jiliwa na kusogezwa polepole kwa skrubu au kwa uzito mdogo, mkono wa mtu ukiwa mbali.

Halafu kuna suala la maji na mafuta. Diski haikatishwi kavu, kwa kuwa joto huiharibu na vumbi lake ni hatari. Mashine kubwa za kupasulia mawe mazima hutumia mafuta; mashine ndogo hutumia maji. Kwa jiwe la kawaida tofauti si kubwa. Kwa mfupa wa kale ni kubwa sana. Mafuta huingia kwenye vitundu, yakatia doa na kuizuia gundi isishike. Maji nayo hulifanya jiwe lenye udongo wa mfinyanzi livimbe na kubomoka mkononi. Kwa hiyo mfupa dhaifu hunyweshwa kwanza risini ya epoksi ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa, ili risini ipenye mpaka ndani, ikikauka mfupa uwe kitu kimoja kigumu. Baada ya hapo kukata ni kazi fupi. Maandalizi ndiyo yanayokula siku.

Jambo ambalo picha za visukuku vilivyong'arishwa hazilioneshi ni kile kinachopotea. Kila mkato unageuza sehemu ya kisukuku kuwa tope, na upana wa sehemu hiyo ni upana wa diski: chini ya nusu milimita kwa mashine za maabara zinazozunguka polepole, milimita mbili na ushei kwa mashine kubwa. Kwenye paja la dinosaria mkubwa wa Tendaguru, Lindi, milimita mbili si kitu. Kwenye fuvu la samaki lenye urefu wa kidole gumba, ni sehemu nzima ya sikio la ndani.

Sayansi ya kukata visukuku ilianza kwa miti. Mwanzoni mwa karne ya 19, mjini Edinburgh, mafundi wa vito na watu kama William Nicol walizoea kubandika kipande cha jiwe kwenye kioo na kukisugua mpaka mwanga upite. Henry Witham aliuchukua ufundi huo akaupeleka kwenye mbao zilizogeuka mawe, akachapisha kitabu chake mwaka 1831. Katika machimbo ya Craigleith, karibu na mji huohuo, yalikuwa yamepatikana magogo makubwa ya mawe kutoka enzi ya makaa ya mawe. Kwa nje yalikuwa magogo tu. Yalipokatwa na kutazamwa kwa hadubini yalionesha seli zilizopangwa kwa namna ya misonobari na jamaa zake, jambo ambalo halikutarajiwa katika miamba ya umri ule. Kipande chembamba kuliko ukucha kiliibadilisha picha ya msitu mzima.

Karibu miaka 80 baadaye, mwaka 1912, daktari aliyekuwa pia mpenzi wa jiolojia, William Mackie, aliona mawe ya ajabu katika kijiji cha Rhynie, huko Aberdeenshire. Yalikuwa gumegume, jiwe la silika tupu, lililotokana na maji ya chemchemi za moto yaliyolifunika na kuligandisha bwawa zima la mimea na wadudu kiasi cha miaka milioni 407 iliyopita. Robert Kidston na William Lang waliikata mimea hiyo na kuieleza katika makala zao za kati ya 1917 na 1921. Hapa hakuna njia nyingine. Huwezi kuichimbua mimea kwenye gumegume kwa patasi, kwa kuwa jiwe na mmea vimekuwa kitu kimoja. Wala hutatambua kilichomo mpaka diski ipite. Anayesema kisukuku kisikatwe kamwe anapaswa kuijibu Rhynie: bila msumeno, yale yangekuwa mawe ya kujengea ukuta.

Kwa mimea iliyohifadhiwa katika kalisaiti kulipatikana njia ya kupunguza hasara. Mwaka 1928 John Walton alieleza namna ya kuubandua mmea kutoka kwenye jiwe. Uso uliokatwa husuguliwa, huchovywa kidogo kwenye asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, chokaa hulika na kuta za seli hubaki zimesimama. Baadaye ikazoeleka kumimina asetoni na kulaza juu yake karatasi laini ya asetati. Asetoni hulainisha karatasi, ikazikumbatia zile kuta. Ikikauka unaibandua na seli zote zimo humo. Kinachopotea ni mikroni chache. Jiwe lililokatwa mara moja laweza kutoa mabanduo mengi mfululizo, na mtafiti akaufuatilia mshipa mmoja wa shina kutoka chini hadi juu. Naihesabu njia hii kuwa mojawapo ya uvumbuzi mzuri kabisa katika fani nzima. Ni ya bei ndogo, haihitaji mashine kubwa, na inaliheshimu jiwe.

Upande wa wanyama mambo yalikuwa makali zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Sollas wa Oxford alibuni njia ya kukisaga kisukuku chote, tabaka kwa tabaka, akichora kila uso kabla ya kuuondoa. Erik Stensiö wa Stockholm aliitumia kwa samaki wa kale wasio na taya kutoka Spitsbergen, akapata njia za neva na mishipa ya damu ndani ya vichwa vyao kwa undani ambao haukuwahi kuonekana. Mwisho wa kazi fuvu halikuwepo tena. Kilichobaki ni michoro, na mfano wa nta uliojengwa kutokana na michoro hiyo.

Anayetaka kuona kazi hiyo ilivyokuwa amtazame Zhang Miman, mtaalamu wa Beijing. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa Stockholm na fuvu la samaki wa Yunnan aitwaye Youngolepis, lenye urefu usiofika sentimita tatu. Alilisaga kwa hatua ndogo mno, akachora zaidi ya nyuso 500, akakata kila mchoro kwenye bamba la nta na kuyapanga mabamba hayo mpaka fuvu likasimama upya, kubwa mara nyingi kuliko lile lililosagwa. Hebu tupige hesabu. Angelikata fuvu lilelile kwa diski ya milimita moja, akaacha kipande cha milimita moja kati ya mkato na mkato, angepata vipande kumi na vinne hivi, na nusu ya fuvu ingekwenda na maji. Kwa kusaga alipata kila kitu, na alichokipata kilikuwa kizito. Samaki huyo hakuwa na tundu linalounganisha pua na kinywa, ambalo shule ya Stockholm, hasa Erik Jarvik, ilikuwa imelijengea nadharia ya asili ya wanyama wa miguu minne. Mgeni alitumia njia ya wenyeji wake kupinga hitimisho lao, na mfano wake wa nta ulikuwa mbele yao kwa yeyote aliyetaka kuukagua.

Ninamheshimu sana kwa kazi ile, na bado nasema isingefaa kurudiwa leo kwa kisukuku cha aina hiyo. Skani ya eksirei inafanya kazi hiyo bila kuligusa fuvu. Halali ya jana si lazima iwe halali ya leo. Kila chombo kipya kinapokuja, swali la kukata linapaswa kuulizwa upya tangu mwanzo.

Katika mifupa ya dinosaria, msumeno na jamaa zake bado wana kazi, na hapa Tendaguru inaingia. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba katika kilima hicho cha Lindi kwa mikono ya mamia ya wafanyakazi wenyeji, wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani, na mizigo ikabebwa na wapagazi hadi bandarini. Mjusi mkubwa anayesimama Berlin, Giraffatitan, mwenye kimo cha mita 13.27, alitoka huko. Mifupa mingine mingi ilibaki kwenye rafu za makumbusho, na karibu karne moja baadaye Martin Sander wa Bonn aliichagua kwa swali moja: wanyama hawa walikua kwa kasi gani?

Sander hakukata mapaja mazima. Alitoboa kwa keekee yenye kichwa cha almasi kilicho wazi katikati, akatoa kijiti chembamba cha mfupa kutoka katikati ya urefu wa kila mfupa. Uchaguzi wa mahali hapo una sababu. Mfupa mrefu hurefuka kwenye ncha zake, na kila unaporefuka ncha hujengwa upya. Katikati ndipo tabaka za utotoni hudumu zaidi. Kijiti kilibandikwa kwenye kioo, kikakatwa tena na kusuguliwa. Kwa jiwe la kawaida unene unaotakiwa ni milimita 0.03, mfupa huachwa mnene kidogo kuliko hapo ili umbile lake lisififie. Mwanga ukipita, unaona mnyama alivyoishi: mahali alipokua mbio tishu ina mishipa mingi ya damu, na mahali ukuaji uliposimama kwa msimu pana mstari, kama pete za mti.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Mijusi wa Tendaguru walikua kwa kasi isiyofanana kabisa na ya mamba au kobe wa leo, na waliendelea kukua hata baada ya kupevuka. Kwa paja moja la Janenschia, Sander aliweza kusoma kwamba mnyama alipevuka akiwa na miaka isiyopungua 11, akafikia ukubwa wake wa mwisho kwenye miaka 26 hivi, na kufa akiwa na kama 38. Nimewahi kuyasimulia haya kwa watu wa Lindi na wakanyamaza kwa muda. Watu wamezoea kuambiwa mjusi wao alikuwa mkubwa. Kuambiwa kwamba umri wake wa kufa umeandikwa ndani ya mfupa, na kwamba unasomeka, ni habari nyingine.

Nchini Marekani kazi ya namna hiyo ilileta hesabu iliyonishangaza kuliko zote. Mwaka 2004 Gregory Erickson na wenzake walikata mbavu na mifupa mingine midogo ya Tyrannosaurus, wakiepuka mapaja, wakaonesha kwamba ujanani mnyama huyo aliongeza zaidi ya kilo mbili kwa siku kwa takriban miaka minne. Yule maarufu anayeitwa Sue alikufa akiwa na miaka 28. Nalipenda chaguo lao la mbavu: mbavu ni nyingi, hazisimami mbele ya watazamaji, na kukatwa kwa moja hakuharibu vipimo vya mtu mwingine.

Wakati mwingine mkato huja bila kuombwa. Mifupa ya Tyrannosaurus mwingine, aliyechimbwa Montana, ilikuwa mizito mno kwa helikopta, paja likalazimika kuvunjwa. Ndani ya vipande vyake Mary Schweitzer alikuta tishu maalumu ambayo ndege majike huijenga wakati wa kutaga, pamoja na vitu laini vinavyofanana na mishipa. Alichapisha haya mwaka 2005 na ubishi kuhusu vile vitu laini haujaisha. Somo ninalolichukua ni la kawaida sana: kabla ya kuwasha msumeno, tafuta kwanza kwenye nyufa na mivunjiko iliyopo. Katika kila ghala la makumbusho kuna mamia ya nyuso zilizokwisha kufunguka zenyewe.

Lakini skani si imemaliza yote? Ndilo pingamizi la kwanza, nalo lina nguvu. Kwenye sinkrotroni ya ESRF, mtambo mkubwa wa eksirei kali huko Grenoble, Ufaransa, watafiti wameweza kuhesabu mistari ya ukuaji ndani ya meno ya watu wa kale bila kuyakata, na kwa meno hayo sidhani kuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka njia nyingine. Hata hivyo eksirei huona tofauti ya uzito wa vitu. Mfupa na jiwe linaouzunguka vikiwa na uzito unaokaribiana, picha hutoka kijivu kitupu. Madini ya chuma yakijaa kwenye matundu, miale haipenyi vizuri. Kisukuku kinavyokuwa kikubwa ndivyo uwezo wa kuona vitu vidogo unavyopungua. Na kuna kitu ambacho kipande chembamba kinakitoa kwa urahisi wa ajabu: ukikiweka kati ya vichujio viwili vya mwanga, rangi zinakuonesha nyuzi za mfupa zililala upande gani, na hilo ndilo linalotofautisha mfupa uliojengwa kwa haraka na uliojengwa taratibu. Kwa maoni yangu skani imekuwa mshauri wa msumeno. Inaonesha mahali pa kukata, na mara nyingi inaonesha kwamba hakuna haja.

Nje ya maabara, misumeno mingi inayokata visukuku duniani inakata kwa ajili ya uzuri. Amonaiti za Madagaska, kutoka mkoa wa Mahajanga, ndizo zinazojulikana zaidi: gamba la kiumbe wa bahari wa zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita linapasuliwa katikati, vyumba vyake vilivyojaa kalisaiti vinang'arishwa, na nusu mbili zinauzwa kwa pamoja. Kule Erfoud, Moroko, chokaa nyeusi yenye magamba marefu hukatwa kuwa meza na mabeseni. Sioni sababu ya kuwalaumu mafundi hao. Amonaiti hizo ni nyingi mno, kazi inalisha familia, na nusu iliyong'arishwa imewafundisha watoto wengi umbo la amonaiti kuliko kitabu chochote. Kinachonisikitisha ni kwamba gamba hufika mnadani bila jina la kijiji wala tabaka lilikotoka. Hasara ya kwanza ya sayansi ilitokea shimoni, siku ambayo hakuna aliyeandika. Diski ilikuja baadaye. Kisukuku kizima kisicho na anwani kina thamani ndogo kwa mtafiti kuliko nusu yenye anwani.

Kwenye pwani yetu, kwa kweli, ukataji wa visukuku ni wa kila siku. Miamba ya matumbawe inayochongwa matofali ya kujengea kuanzia Kilifi hadi Kwale ni miamba ya bahari ya kale, na kuta za Ngome ya Yesu na nyumba za Lamu zimejengwa kwa mawe ya namna hiyo. Atazamaye kwa makini tofali lililokatwa kwa mashine ataona vyumba vya matumbawe na magamba ya kombe vimekaa palepale vilipokua.

Kuhusu vumbi sitasema mengi, ila nalisema kwa uzito. Vumbi la silika huharibu mapafu na ugonjwa wake, silikosi, hauna tiba. Wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani wanaujua. Kukata gumegume au mbao zilizogeuka jiwe kwa granda kavu, kitambaa kikiwa kimefungwa puani, ni kujidhuru kidogo kidogo. Maji yatiririke, barakoa iwe ya kazi hiyo, na tope lizolewe likiwa bado bichi.

Narudi kwetu. Bonde la Ruhuhu halijaacha kutoa. Mwaka 2010 alitangazwa Asilisaurus kongwe, jina lenye Kiswahili ndani yake, jamaa wa karibu wa dinosaria. Mifupa yake ilipatikana kwa wingi, ya wanyama wasiopungua 14 pamoja, na baadaye baadhi ya mifupa ya miguu yake ikakatwa ili kuchunguza ukuaji. Huo ni mfano wa swali linalostahili: penye wanyama 14, mmoja anaweza kukatwa na wengine wakabaki wazima wa kulinganishwa. Kusini zaidi ya bara hili, Anusuya Chinsamy-Turan amejenga kwa miongo kadhaa utafiti wa tishu za mifupa ya kale, hatimaye katika Chuo Kikuu cha Cape Town, akikata mifupa ya Afrika na kufundisha vijana wa Afrika kuisoma. Hilo laonesha kwamba kazi hii haihitaji sinkrotroni. Inahitaji msumeno wa polepole, risini, vioo, unga wa kusugulia na hadubini yenye vichujio.

Na vingi vya hivyo tunavyo. Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha kinafundisha vijana kukata na kung'arisha vito. Kijana anayeweza kuielekeza tanzanaiti kwenye gurudumu bila kuipasua ana mkono unaofaa kabisa kwa mfupa. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, inafanya uchunguzi wa miamba. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ina mafundi mahiri wa kutengeneza kalibu na nakala, na nakala sahihi ndiyo kazi ya lazima kabla ya mkato wowote. Wanaokosekana ni watu wa kuziunganisha ofisi hizo, mfupa utoke kwenye rafu uende kwa mpiga picha, kwa mtengeneza kalibu, kwa mkataji, kisha urudi kwenye rafu ileile ukiwa na namba ileile.

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964 na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006. Zote zinatazama sana kisitoke kitu bila kibali, na ni sawa. Ningependa vibali vya utafiti viandike wazi pia habari za mkato: ni mfupa gani, mahali gani, kwa swali gani, nakala ipo wapi, na vioo vitarudi lini. Kioo chenye mfupa wa unene wa unywele ni sehemu ya mjusi kama lilivyo fuvu. Watanzania wamedai kwa miaka mjusi wa Tendaguru arudi au walau tufaidike naye; sijasikia mtu akidai vile vijiti alivyovitoboa Sander, au hata picha zake kamili kwa ajili ya vyuo vyetu. Hilo ni dai jepesi kulitekeleza kuliko kuhamisha mifupa yenye kimo cha ghorofa nne, na linawafaidi wanafunzi moja kwa moja.

Wa kuanzia nao si lazima wawe wanyama wenye majina. Kila msimu wa uchimbaji, Ruhuhu na Songwe, unaacha vipande vya mbavu na vya mifupa mirefu visivyo na kichwa wala ncha, ambavyo hakuna atakayevitungia jina jipya. Viorodheshwe, vipigwe picha, vipewe namba, kisha viwekwe mbele ya wanafunzi watano pamoja na fundi mmoja wa vito kutoka Arusha. Vipande vitatu vinne vya mwanzo vitapasuka kwenye diski. Cha tano kitatoka chembamba, mwanga utapita, na mwanafunzi atahesabu mistari ya mfupa uliochimbwa, ukakatwa na kusomwa hapahapa.